Bunduki ya Mti Nambari 31: Siku Ishirini Kambini Pemba, 1978

Daftari nililoandikia kumbukumbu hizi ni la hesabu, lina jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, na kurasa zake za kati zimeliwa na mende. Nililinunua sokoni Darajani, mjini Unguja, siku moja kabla ya safari. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa, nimemaliza skuli na nimejiunga na Jeshi la Kujenga Uchumi la Zanzibar, ambalo wakati huo lilikuwa halijatimiza hata miaka miwili tangu kuundwa mwaka 1977. Kikosi chetu kilipangiwa kwenda Pemba kwa mambo mawili yaliyotamkwa kwa pumzi moja: mafunzo ya awali ya kijeshi na kuchuma karafuu. Sentensi nilizoziandika kwa penseli, nyingine nusu nusu, nimezinyoosha. Tarehe sikuzigusa.

Jumamosi, 21 Oktoba 1978

Tumeondoka bandarini Malindi baada ya sala ya isha. Tulilala juu ya sitaha, kila mtu na mfuko wake chini ya kichwa, na mpaka tulipofika usawa wa Nungwi wengi walikuwa wakiimba. Baada ya hapo aliyeimba hakuwepo. Mkondo wa Nungwi hauna adabu kwa mgeni, na mwenzangu wa Makunduchi, aliyejisifu tangu mchana kwamba yeye ni mtoto wa mvuvi, alikuwa wa kwanza kukumbatia ukingo wa meli.

Koplo wetu, mtu wa bara aliyeletwa kutufundisha, hakulala. Alikaa na redio yake ya betri aliyoifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli kwa sababu kifuniko kilikuwa kimepotea. Ndiye aliyetwambia kwamba juzi, tarehe 19, ndege za Rhodesia zimepiga kambi za wapigania uhuru wa Zimbabwe ndani ya Zambia. Aliongeza kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja bei ya sukari, kwamba kambi ya mafunzo ni shabaha kama shabaha nyingine. Tulimsikia, tukajifunika.

Jumapili, 22 Oktoba

Mkoani asubuhi. Lori lilitupandisha vilima na kutushusha mabondeni, Mtambile, kisha Chake Chake, kisha mbele zaidi. Sisi wa Unguja tulizoea ardhi iliyolala, na hapa kila baada ya kilima kuna kilima, mikarafuu juu na mpunga chini. Harufu ilitupokea kabla ya kambi kuonekana, kwani kila uwanja wa nyumba tuliyoipita ulikuwa umeanikwa karafuu, mpaka kwenye kingo za barabara.

Kambi ni mabanda manne ya makuti, kisima kimoja, uwanja wa gwaride na sakafu ya saruji ya kuanikia. Mtu akiitazama mara ya kwanza hawezi kusema kwa hakika kama ni shamba lenye askari au ni jeshi lenye shamba.

Usiku koplo alisikiliza khabari za Roma. Papa mpya, John Paul wa Pili, amesimikwa leo, na koplo, ambaye ni Mkatoliki, alitueleza kwamba yule aliyemtangulia alidumu siku 33 tu, na kwamba huyu anatoka Poland, wa kwanza asiyekuwa Mtaliana kwa zaidi ya miaka mia nne. Kijana mmoja wa Mkokotoni akamuuliza kama Poland wanalima karafuu. Koplo alimwangalia kwa muda, kisha akasema hapana.

Jumatatu, 23 Oktoba

Filimbi saa kumi na moja kasoro alfajiri. Mchakamchaka mpaka jua litoke, kisha gwaride. Tumepewa bunduki za miti zilizochongwa kwa mti wa mfenesi, zenye rangi ya manjano na utomvu kidogo unaonata mkononi. Wenyeji wanasema ukitaka kuchonga kitu Pemba tafuta mti wowote, lakini mkarafuu usiuguse, kwa sababu kuukata ni kosa mbele ya Serikali. Yangu ni nambari 31, imeandikwa kwa rangi nyeupe kwenye kitako. Mshika stoo, mzee wa hapa Pemba mwenye miwani iliyofungwa uzi, alinitilisha sahihi kana kwamba ananikabidhi kifaru.

“Ikipotea utalipa, mwanangu. Ikivunjika utaeleza.”

Kwata kwa bunduki ya mti ni jambo la kuona haya kwa siku mbili za mwanzo. “Mguu sawa!” na “Mguu pande!” hazina neno. Lakini “Lenga!” ikitolewa, na vijana sitini wakaelekeza magogo ya mfenesi kwenye kichuguu cha mchwa, watoto wa kijijini waliojipanga nje ya ua huanguka kwa kicheko.

Jumanne, 24 Oktoba

Gwaride. Karafuu. Nimelala nikiwa na buti mguuni.

Jumatano, 25 Oktoba

Leo niandike vizuri kuhusu karafuu, kwa sababu nimegundua kwamba ndiyo mwalimu mkali kuliko koplo.

Huchumwa ikiwa tumba, kabla ya kufunguka, na ukichelewa siku chache ua likapasuka, thamani imekwenda. Mchumaji hupanda mpaka kwenye tawi jembamba, hulivuta tawi jingine kwa ngoeko, yaani kijiti chenye ndoano, na kukwanyua kishada kizima bila kulivunja tawi, maana tawi lililovunjika leo ni mavuno yaliyopotea msimu ujao. Jioni hukaa watu duara na kuchambua, tumba upande huu, makonyo, yaani vikonyo vyake, upande ule, kwa kiganja na kidole gumba, mpaka vidole vinakuwa vyeusi na harufu haitoki hata kwa sabuni. Kisha huanikwa kwenye majamvi na sakafu kwa siku nne, tano au sita kwa kadiri ya jua, na kilo tatu mbichi hubakia kama kilo moja kavu. Ikirowa kabla haijakauka hupata ukungu na kupauka, na shirika la Serikali linalonunua halitaki kuiona.

Mshika stoo alitupa na historia bila kuombwa. Alisema kimbunga cha mwaka 1872 kiliing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha kwa sehemu kubwa hii ya Pemba, na tangu hapo Unguja ina majumba na Pemba ina karafuu. Alilisema hilo kwa utulivu, lakini nilimsikia.

Ijumaa, 27 Oktoba

Baada ya sala ya Ijumaa tulikaa barazani kwa mzee mmoja mwenye shamba jirani na kambi, ambaye vijana wote wanamwita Babu. Redio ilisema tuzo ya amani ya Nobel wamepewa Sadat wa Misri na Begin wa Israili, kwa ajili ya mapatano yao ya Camp David ya mwezi uliopita. Baraza lilichemka. Nchi yetu ilivunja uhusiano na Israili tangu mwaka 1973, na hapa hakuna aliyemwonea huruma Sadat; mmoja alisema tuzo hiyo ni kama kumpa mtu kilemba kwa kuuza ng'ombe wa ndugu zake. Babu peke yake ndiye aliyesema kwamba waliopoteza watoto vitani ndio wenye haki ya kuhukumu amani. Hakujibiwa, pengine kwa heshima.

Koplo aliyekuwa nje ya baraza akitungojea hakuchangia. Njiani alisema neno moja tu: kwamba Redio Kampala siku hizi inadai Tanzania imeivamia Uganda, na kwamba jirani akianza kulia kabla hajapigwa, funga mlango.

Jumapili, 29 Oktoba

Mapumziko. Nimefua. Mwenzangu wa Makunduchi ameanguka kutoka mkarafuuni, ameteguka kifundo cha mguu, amepewa kazi ya kuchambua na wanawake wa kijijini na sasa anatuonea huruma sisi tunaopanda.

Jumanne, 31 Oktoba

Hatukwenda shambani asubuhi. Tulisimamishwa uwanjani mpaka jua likawa juu, na mkuu wa kambi akatoka na kutuambia kwamba majeshi ya Idi Amin yamevuka mpaka wa Kagera kwa nguvu kubwa na kwamba watu wa kule wanauawa na kuporwa. Hakusema zaidi. Kisha akaamuru twende kwenye karafuu, kwa sababu zilizochumwa jana zilikuwa hazijachambuliwa.

Nimekuwa nikijiuliza kwa miaka mingi kwa nini ile amri ya pili ndiyo iliyonitisha. Nadhani ni kwa sababu ilionesha kwamba vita si kitu kinachosimamisha mambo mengine. Nilichambua mpaka magharibi na sikukumbuka kufikiri chochote isipokuwa kwamba sijui Kagera iko umbali gani kutoka hapa. Kwenye ramani ya skuli ilikuwa kona ya juu kushoto, na Pemba kona ya kulia, na katikati nchi nzima.

Jumatano, 1 Novemba

Mambo yamebadilika. Mchakamchaka umeongezwa. Vicheko vya watoto nje ya ua havipo, kwa kuwa wazee wao wamewakataza kusogea. Tumechimba mahandaki mawili pembezoni mwa uwanja wa gwaride, marefu na yenye kona, na koplo alishuka mwenyewe kutuonesha kwa nini handaki halichimbwi moja kwa moja: bomu likianguka ndani, kona ndiyo inayowaokoa walio upande wa pili. Udongo wa Pemba ni mwekundu na unashika kama wanja. Mpaka jioni hatukutambuana. Taa za kandili zimepigwa marufuku baada ya saa mbili usiku.

Redio imesema Amin ametangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya Mto Kagera sasa ni ya Uganda. Mshika stoo aliposikia alivua miwani, akaifuta na kuivaa tena. “Mtu anaiba shamba zima,” akasema, “na sisi hapa tunamlinda mwizi wa pakacha.” Alikuwa akikusudia lindo la karafuu, ambalo kila usiku huwekwa vijana wanne wenye virungu kwa sababu ya magendo ya kuvusha karafuu kwenda Mombasa, kosa ambalo adhabu yake ni kali kuliko ninavyotaka kuandika.

Alhamisi, 2 Novemba

Siku hii niliiandika kurasa tatu.

Alasiri tulikuwa gwarideni na bunduki zetu za mfenesi. Sakafu yote ilikuwa imejaa karafuu za siku ya tatu, zile ambazo zimeshageuka rangi ya kahawia lakini bado zinapinda ukizibonyeza, na majamvi kama thelathini yametandazwa mpaka ukingoni mwa uwanja. Wingu lilitoka nyuma ya kilima bila ya radi. Koplo aliliona, akapuliza filimbi tatu fupi.

Sasa, tangu jana filimbi tatu fupi zilikuwa na maana moja tu: ndege. Na kabla ya jana zilikuwa na maana moja tu: mvua. Hakuna aliyekumbuka kuzitenganisha. Nusu ya kikosi kilikimbilia karafuu na nusu ikajitupa kwenye mahandaki, nami nikiwa katika nusu hii ya pili niliruka na nambari 31 kifuani, nikateleza kwenye ule udongo mwekundu na kuangukia kitako cha bunduki. Nilisikia mti ukilia. Juu yangu mshika stoo alikuwa akikimbia kandokando ya handaki kanzu mkononi, akipiga ukelele, “Karafuu! Wanangu, karafuu!” na sisi kule chini tumefumba macho tukingoja bomu.

Tulipotoka, matone makubwa yalikuwa yameshaanza. Tulizoa kwa mikono, kwa ndoo, kwa kofia, kwa sufuria ya ugali. Wanawake wa kijijini walikuja mbio bila kuitwa, wakakunja majamvi kwa ustadi ambao hatukuwa nao, pembe mbili kwa pembe mbili, wakayabeba kichwani mpaka bandani. Tuliokoa karibu zote. Majamvi matano yalirowa.

Hatukuadhibiwa. Koplo alitupanga mstari, akatutazama jinsi tulivyokuwa, nusu tope na nusu vikonyo vya karafuu vilivyotuganda shingoni, akajaribu kusema kitu, akashindwa, akaturuhusu. Tangu jioni hiyo mvua ilipewa filimbi moja ndefu.

Usiku ndipo redio iliporudia hotuba ya Mwalimu Nyerere aliyoitoa mbele ya wazee wa Dar es Salaam. Tuliisikiliza gizani, vijana sitini, wapishi na mkuu wa kambi, redio juu ya gunia. Kila Mtanzania wa umri wangu anayakumbuka maneno yale, kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo na uwezo wa kumpiga tunao, kwa hiyo sina haja ya kuyapamba. Ninachokikumbuka mimi ni kwamba baada ya neno la uwezo niliutazama mkono wangu, ulioshika kitako cha mfenesi chenye ufa wa urefu wa shubiri.

Ijumaa, 3 Novemba

Msikitini imesomwa dua. Babu aliomba isomwe pia kwa watu wa Kagera, “na sijui wangapi kati yao ni Waislamu, lakini dua haina pasipoti.”

Jumapili, 5 Novemba

Khabari za kuvunjwa kwa daraja la Kyaka, la Mto Kagera, zimetufikia. Koplo alichora mto kwa kijiti kwenye vumbi, huku Amin, huku sisi, na daraja katikati, kisha akalifuta kwa buti. Alieleza kwamba anayevunja daraja anaogopa kufuatwa, lakini pia kwamba jeshi lisilo na daraja litabidi lilitengeneze jingine. Ndilo somo la kwanza la kijeshi alilotufundisha bila kupiga kelele.

Mgambo wanaitwa bara kwa maelfu. Vijana watatu wamekwenda kwa mkuu wa kambi kuomba wapelekwe mstari wa mbele. Wamerudishwa, wakaambiwa waende wakamalize mkarafuu waliouanza.

Jumatatu, 6 Novemba

Jana Tehran imechomwa moto na waandamanaji, na leo Shah, mfalme wa Iran, ameunda serikali ya wanajeshi. Nilifikiri khabari hiyo itapita bila mtu kuijali, maana masikio yote yako Kagera. Nilikosea. Babu alinitumia mtoto kuniita, nikaenda nikampa shikamoo, akaitikia na kuniuliza swali moja: “Na Shirazi je? Wamesema lolote la Shirazi?”

Wapemba wengi hujiita Washirazi, na chama kilichoungana na TANU mwaka jana kuzaa CCM kilikuwa na jina hilo, Afro-Shirazi. Mimi nililichukulia kuwa ni jina tu. Kwa Babu lilikuwa mji, mji wa huko Iran. Aliuulizia kama mtu anayeulizia nyumba ya mjomba wake waliyogombana, ambaye hajaonana naye kwa muda mrefu. Mwenzangu wa Makunduchi, aliyekuja akichechemea ili asikose chai, alisema kwao kila mwaka wanakoga Mwaka, sherehe ya mwaka mpya, na wazee wanasema desturi hiyo ilitoka huko huko. Babu akafurahi sana. Nikamwambia kwamba redio haikutaja Shirazi. “Basi wazima,” akasema, akanimiminia chai.

Jumanne, 7 Novemba

Imeletwa bunduki ya kweli. Moja. Ni ya Kichina, kama silaha nyingi za jeshi letu, na koplo aliileta amefunga kitambaa mdomoni mwa mtutu. Alitandika jamvi bandani na kuifungua, kipande baada ya kipande, akikitaja kila kimoja na kukiweka kwa mpangilio kutoka kushoto kwenda kulia. Tulipita watano watano. Zamu yangu nilipoinama kuunganisha, niliona chembe za karafuu zilizosalia kwenye nyuzi za jamvi zimegandana na mafuta ya bunduki, na harufu hizo mbili, ya karafuu na ya chuma chenye mafuta, zilikuwa zimechanganyika kiasi kwamba mpaka leo nikifungua mkebe wa viungo vya pilau huwa natazamia kusikia sauti ya koplo.

Nilikosea mara mbili. Mara ya tatu ilikubali, ikalia “kachaa,” na koplo akanigusa bega kwa kidole kimoja.

Jumatano, 8 Novemba

Koplo ameondoka. Ameitwa kwenye kikosi chake bara, akapata nafasi kwenye lori la asubuhi kwenda Mkoani. Alimwachia mshika stoo redio, kwa maelezo kwamba anakokwenda hataihitaji, na mshika stoo akampa kifurushi cha karafuu kavu kwa ajili ya meno. Tulipigiwa “Mguu sawa!” naye akapita mbele yetu, kofia ameishika mkononi. Hakutoa hotuba. Alisimama kwa mwenzangu wa Makunduchi, akamuuliza mguu unaendeleaje, akaondoka.

Sikumwona tena, na sikupata kumjua mtu aliyemwona.

Alhamisi, 9 Novemba

Kikosi kizima kinarudi Unguja kuendelea na mafunzo, kabla ya Iddi Kubwa. Asubuhi tumejaza magunia ya mwisho, yakashonwa na kupangwa kwenye lori, na sisi tutakaa juu yake. Mshika stoo alituambia kwamba mnunuzi mkubwa wa karafuu hizi ni Indonesia, ambako wanazisaga na kuzitia ndani ya sigara. Sikujua kabla ya hapo. Siku ishirini za kupanda miti, na mwisho wake ni moshi wa mtu wa Jakarta.

Kurudisha vifaa kulichukua muda mrefu kuliko nilivyotarajia, kwa sababu mzee alikagua kila gogo la mfenesi upande wa mbele na wa nyuma. Alipofika kwenye nambari 31 aliipitisha kidole kitakoni.

“Ina ufa.”

Nikamweleza kwamba niliangukia handakini siku ile ya filimbi tatu.

Akafungua kitabu chake, akatafuta jina langu, akashika kalamu juu ya safu ya sababu za uharibifu. “Sasa niandike nini, mwanangu, mvua au vita?”

Nilifikiri. Nyuma yangu walikuwa vijana ishirini wakingoja zamu, na dereva wa lori alikuwa ameshapiga honi mara mbili.

“Andika karafuu,” nikasema.

Akaandika, nami nikatia sahihi.